Nafasi ya Wankuru kwenye Mchoro

Nyakerario alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Homa Bay angeweza kuutibu: kuuliza. Mtu akija kununua ndizi kwenye kibanda chake sokoni Rangwe, ndizi atapewa, lakini kwanza ataeleza anatoka wapi, mama yake alizaliwa wapi, na kama yule mjomba aliyevunjika mguu amepona. Wateja wake Wajaluo walimwita Dana, yaani nyanya, na walishamzoea. Waliokuwa na haraka walipita hadi kibanda cha pili.

Kwa hivyo Mwalimu Mellen, mshauri wa ndoa wa kanisa lao, alipofika nyumbani kwake Jumapili moja na karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi, akasema ametumwa kuchora ukoo mzima wa bibi harusi na wa bwana harusi, Nyakerario alivuta kiti karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

Bibi harusi alikuwa mjukuu wake Liz, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyatike. Nyakerario ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, wakati mama yake Liz alipokwenda kutafuta kazi na kazi ikamweka huko huko. Bwana harusi aliitwa Joash, Mkuria wa kule Isebania, fundi wa pampu zinazotoa maji kwenye mashimo ya dhahabu Macalder. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mikono haiishi mafuta ya mashine hata aioshe vipi. Alimpenda Liz waziwazi. Alimpenda hata Nyakerario, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu Nyakerario alikuwa amemuuliza maswali tangu siku ya kwanza.

Mambo mawili tu yalikuwa yamebaki. Mchoro wa Mellen ukamilike, ndipo kanisa liitangaze harusi. Na wakubwa wa nyumba ya kina Joash waje Rangwe na ng'ombe. Bila hao, Nyakerario hangemtoa mjukuu wake, kwa kanisa wala kwa serikali. Mtoto haendi kwa watu wasiokuja kumchukua.

"Huu mchoro unaitwa jenogramu, Magokoro," Mellen alisema. Naye alikuwa Mkisii kama Nyakerario, kwa hivyo alimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Waliooana tunawaunga kwa mstari, na watoto wao wananing'inia hapa chini. Aliyefariki tunampiga alama ya mkasi. Watu wanaopatana sana tunawachorea mistari miwili, na wale wa kugombana, mstari wenye meno kama msumeno."

"Na ya nini yote haya?"

"Ili hawa wawili wajue kila mmoja anatoka kwa watu wa namna gani. Kama kwao mtu akikasirika hununa wiki nzima, na kwenu husema palepale, si afadhali wajue mapema? Magonjwa pia yanaonekana hapa. Na mila. Nani alilelewa na nani, nani huamua mambo nyumbani."

Nyakerario alitikisa kichwa kwa furaha. Ilikuwa kama kanisa limetuma mtu wa kuutukuza ugonjwa wake.

Upande wa Liz ulikula asubuhi yote. Mellen alilazimika kubandika karatasi ya pili kwa gundi, kwa sababu Nyakerario hakutaja mtu bila kusema alivyotembea, alivyokula, na kilichomfanya akosane na wenzake. Liz, aliyeketi hapo na Joash, aliinuka mara kadhaa kwenda kutazama maharagwe jikoni.

"Nyanya, huyo shangazi wa tatu hatumhitaji," alisema akirudi.

"Unamjua? Ndiye uliyerithi pua yake."

Liz akashika pua, Joash akacheka, na Mellen akamchora shangazi wa tatu.

Kisha ikaja zamu ya Joash, na hapo ndipo kicheko chake kilipopungua. Baba yake, Maroa, alikuwa amefariki. Mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sindo. Mellen akaweka mraba wenye mkasi, akaweka duara. Juu yao akachora duara jingine.

"Aliyemzaa baba yako?"

"Nyanya Gati. Yuko hai."

"Na mume wa Gati?"

Joash alitazama dirishani kana kwamba mume wa Gati angepita hapo nje. "Nyamhanga," akasema. "Alishafariki."

Mellen akachora mraba, akaupiga mkasi, akawa tayari kuendelea. Lakini Nyakerario hakuwa tayari. Mtu amekufa, hata hajasemwa neno moja?

"Alikuwa mtu wa kazi gani, huyo mzee?"

"Alikuwa... na baiskeli."

"Baiskeli ni kazi?"

"Alikuwa anabebea asali."

"Kumbe alifuga nyuki. Mizinga yake ilikuwa ya magogo au ya mbao?"

"Ya magogo, Nyanya."

"Na hawakumuuma?"

"Walimzoea. Alikuwa anavaa kofia." Joash sasa alikuwa anatokwa na jasho. "Kofia kubwa, ya ukindu."

"Alikuwa mpole?"

"Sana. Hakuwahi kumpigia mtu kelele."

Nyakerario alivuta pumzi ndefu. Alishamwona kabisa, mzee yule mpole akiteremka mlima na kofia yake, baiskeli imepakiwa makopo ya asali. Aliona vibaya kwamba alikufa kabla hawajaonana, maana angekuwa na ya kumuuliza.

"Na hapa pembeni kuna mtu mwingine wa nyumbani?" Mellen akauliza.

"Kuna Wankuru," Joash akasema kwa sauti ya chini. "Ni kama... shangazi. Mweke hapo kando tu."

Mellen akaweka duara dogo ukingoni mwa karatasi, peke yake, bila mstari.

Walipoondoka wageni, Nyakerario aliikunja ile karatasi vizuri, akaifunga kwa uzi wa kushonea. Mellen alikuwa amemwomba aende nayo Isebania watakapowatembelea kina Joash, ili wazee wa huko waithibitishe. Joash alijitolea kuipeleka mwenyewe. Nyakerario akakataa. Kitu kizuri kama kile hakipelekwi na fundi wa mikono ya mafuta.

Nyakerario, Liz na Joash walikwenda Jumatano ya wiki iliyofuata. Boma lenyewe lilikuwa mlimani, juu ya mji, mahali ambapo ukisimama vizuri unaona lori zikipanga foleni mpakani. Nyumba ya mabati, ghala lililokuwa zamani banda la kukaushia tumbaku, zizi la miti lililosimama imara, na mahindi yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka hata Nyakerario akaguna kwa heshima.

Wanawake wawili wazee waliwapokea. Mmoja mnene, wa kucheka, aliyefunga kitambaa cha maua kichwani: huyo ndiye Gati. Mwingine mwembamba, mrefu kama mlingoti, mwenye fimbo na koti la kiume lililofungwa vifungo vyote. Huyo alikuwa Wankuru. Aliketi kwenye kiti kikubwa kilichotazama mlango, na hakuna mtu aliyeketi mpaka alipoketi yeye.

Nyakerario, ambaye kama Msabato hanywi majani ya chai, alipewa maji moto ya mchaichai, akafurahi kwamba kuna aliyekumbuka. Kikuria na Kikisii vinasikilizana kidogo, lakini walizungumza Kiswahili ili mtu asipitwe na neno. Baada ya salamu na habari za mvua, Nyakerario akaona ni vizuri aanze na jambo la huzuni, limalizike.

"Poleni sana na mzee," alisema. "Hatukumjua, lakini Joash ametusimulia. Nyuki wale bado wapo?"

Wankuru alimtazama Gati. Gati alimtazama Wankuru.

"Nyuki gani?" akauliza Wankuru.

"Wa Mzee Nyamhanga. Mume wa huyu mwenzetu Gati."

Gati aliweka mkono mdomoni. Bega lake likaanza kutikisika.

"Nyamhanga alikuwa mume wangu mimi," Wankuru akasema polepole. "Alikufa tukiwa vijana, tumepata wasichana tu. Gati alikuja hapa miaka mingi baadaye. Hawakuonana."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli? Mama, Nyamhanga hakuwa hata na mwavuli. Na akimsikia nyuki tu alikuwa anaingia chini ya kitanda."

"Lakini alikuwa mpole?"

"Alikuwa anatukana hadi kuku."

Joash alikuwa ametazama sakafu kwa bidii kama mtu aliyeangusha sindano. Liz alimgeukia taratibu. "Joash," alisema. "Kofia ya ukindu je?"

Nyakerario, ambaye mikono yake ilikuwa imeshafungua ule uzi kabla akili haijamwambia asubiri, alikuwa ametandaza karatasi mezani. Wankuru akainama, akaitazama. Hakuwa amesoma sana, lakini Liz alimwonyesha nani ni nani, na alielewa haraka kuliko Nyakerario alivyoelewa.

"Huyu ndiye Nyamhanga. Mmemwoza Gati."

"Ndiyo," akasema Liz.

"Umemwoza marehemu, Joash. Ng'ombe ulimtolea wewe?" Kisha akanyoosha kidole mpaka ukingoni. "Na huyu hapa, kama mbuzi aliyefungiwa nje?"

Joash akasema mwenyewe. "Ni wewe, Nyanya. Nilisema wewe ni kama shangazi."

Gati aliacha kucheka. Wankuru aliegemea kiti chake, akaweka fimbo juu ya magoti.

"Mama," akamwambia Nyakerario, bila hasira yoyote, "mimi nilibaki na zizi na nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Hapa kwetu tuna njia. Nilitoa ng'ombe wangu, nikamwoa huyu Gati, aje azae watoto wa nyumba yangu. Ndiyo nyumba ntobu. Wengine husema mimi ni mume wake, wengine husema mama mkwe wake. Wacha waseme. Ng'ombe walitoka zizini kwangu. Maroa alipozaliwa, mimi ndiye niliyempa jina. Maroa alipokufa, mimi ndiye niliyemsomesha huyu. Na sasa ananiambia mimi ni shangazi." Akamgeukia Joash. "Sawa. Wa kwenda Rangwe na ng'ombe ni mwenye nyumba. Basi huyo mwenye baiskeli aende."

Alisema hivyo, akageuza uso kuelekea mlangoni.

Nyakerario alihisi harusi ikiteleza mkononi kama samaki. Bila Wankuru hakuna ng'ombe, hakuna wakubwa, hakuna wa kusimama mlangoni kwake kusema wamekuja kumchukua binti. Alimtazama Liz. Liz hakuwa akilia. Alikuwa amekunja mikono, na Nyakerario aliijua mikono ile: ni ya mtu anayengoja kuelezwa.

"Ulinidanganya ya nini?" Liz akamuuliza Joash.

"Si wewe. Nilikuwa..." Alisugua kidole gumba chenye mafuta. "Sekondari nilisoma na wavulana wasioijua mila yetu. Siku moja niliwaeleza. Mpaka namaliza shule, jina langu lilikuwa Mjukuu wa Nyanya Wawili. Nikaamua sitaeleza tena. Halafu nikaja kwenu, watu wa kanisa. Mwalimu Mellen akaniuliza mbele ya Nyanya Nyakerario, na yeye ananitazama na macho yale."

"Macho gani?" akauliza Nyakerario.

"Ya kuuliza. Nikasema atasikia hivi, atasema nyumba hii si nyumba, mtoto wake haji hapa. Nikataja jina lililokuwa karibu. Halafu ukauliza kuhusu kazi yake, na nikawa sina pa kushuka."

Nyakerario akacheka, cheko la polepole lililoanzia tumboni na kupanda, mpaka akashika meza.

"Mtoto huyu," alimwambia Wankuru. "Amemficha Mkisii jambo hili. Mkisii. Kule kwetu, nyumba iliyopakana na ya mama yangu ilikuwa ya Nyasuguta, naye aliolewa na mwanamke vilevile, ng'ombe wakatolewa, mimi nikaona kwa macho yangu. Watoto wake ndio tuliochota nao maji. Mmoja ni shemasi. Hapana, wawili ni mashemasi, yule mdogo alichaguliwa majuzi." Akamgeukia Joash. "Ungeniambia kweli, ningekuuliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani, tukaendelea. Wewe umenifanya nimwombolezee mfuga nyuki."

"Alimwombolezea kweli," akasema Liz. "Jumamosi alimtaja kwenye maombi."

Sasa Gati alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya leso, anatikisika wazi. Lakini Wankuru hakutabasamu. Aligonga karatasi kwa kidole.

"Na hapa bado ni shangazi," alisema.

Joash alishuka kutoka kitini, akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule na urefu wake wote. "Nyanya, nimekukosea. Wewe ndiye nyumba. Niambie nikuweke wapi, nitakuweka."

"Sijui wanavyoweka. Uliza wenye karatasi."

Nyakerario akampigia simu Mellen na kuweka sauti ya nje. Mellen alikuwa sokoni. Kelele za watu zilisikika nyuma yake. Alisikiliza yote bila kukatiza, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Sasa nimeelewa kwa nini yule mzee alikuwa na kofia na hana ndugu," akasema. "Magokoro, geuza karatasi, anzeni upya upande wa nyuma. Duara la Wankuru liwe juu, la Gati kando yake, mstari wa ndoa kati yao. Watoto waning'inie kwenye mstari huo. Halafu niandikieni pembeni ni ndoa ya namna gani, nisije nikadhani mmekosea nikaisahihisha."

"Nisiwe mraba," Wankuru akasema kwa sauti ili simu isikie. "Mimi si mwanamume. Mimi ni mwenye nyumba."

"Duara, Mama. Na mume wako Nyamhanga naye ana nafasi yake, upande wako wa pili."

"Mwekeni. Lakini bila baiskeli."

Joash alichora akiwa pale pale sakafuni. Alipofika kwa baba yake Maroa, Mellen akauliza, kwa upole, kama kuna lolote linalojulikana juu ya mwanamume aliyemzaa, kwa ajili ya magonjwa ya ukoo tu, na kwa kuhakikisha hawa wawili si ndugu.

Wote walimtazama Gati. Gati alifikiri.

"Si wa Kisii," alisema. "Alitoka huku kwetu, upande wa Ntimaru. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa mrefu. Andikeni hivyo."

"Hilo tunaliona," Liz akasema akimtazama Joash kuanzia magoti hadi kichwa, na mara ya kwanza tangu waingie mikono yake ikafunguka. "Na mistari ya Joash na Wankuru iwe miwili. Ya watu wanaopatana sana."

"Subiri kwanza," akasema Wankuru. "Leo weka ule wenye meno."

Joash aliweka ule wenye meno. Wankuru akautazama kwa muda, akaona meno yanavyotoka kifuani kwa mjukuu yakimwelekea yeye. Akachukua kalamu mkononi mwa Joash, kwa vidole visivyozoea kalamu, akavuta mistari miwili juu yake, mizito, iliyopinda kidogo, mpaka meno yakafunikwa.

"Haya," alisema. "Tutakuja Rangwe. Gati atakaa mbele kwenye gari, mgongo wake hautaki kutikiswa. Na maneno ya ng'ombe nitasema mimi."

"Kwetu wanaosema ni wanaume," Nyakerario alimwonya. "Shemeji yangu Obare ndiye mkubwa, na ana mdomo."

"Ana ng'ombe?"

"Ana mmoja. Wa kuazima."

"Basi tutasikilizana vizuri."

Sasa ndipo Wankuru alipocheka, kwa sauti kavu na fupi, akainuka na fimbo yake. Alisema haifai wakwe waambiwe ng'ombe kwa mdomo kama watu wa mjini, waje wawaone. Wakatoka wote kwenda zizini. Joash alibaki nyuma hatua chache, na Liz akabaki naye. Nyakerario aliwasikia wakisemezana kwa sauti ya chini: Joash akieleza, Liz akisema "endelea" kila alipotaka kuishia, na kisha Liz akicheka. Hakugeuka kuwatazama, ingawa alitamani.

Wankuru alielekeza fimbo kwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe shingoni. "Huyu atakuja kwenu."

Nyakerario aliegemea mti wa zizi, akamtazama mtamba yule kwa makini, masikio, miguu, macho. Akajisikia yuko nyumbani.

"Mama yake ni yupi?" akauliza.

"Yule mweusi kule. Mkaidi, lakini maziwa tele."

"Na mama wa mweusi?"

Wankuru alimgeukia, akamtazama kwa muda, kisha akaegemea mti huohuo, bega kwa bega na mwenzake, kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa.

"Huyo," alisema, "alizaliwa mwaka ule wa mvua kubwa. Gati, tuletee viti."